Programu Imebadilishwa Sura na Kazi Imekwama: Tafuta Chanzo Kwanza

Umefungua programu unayoitumia kila siku, na imegeuka. Menyu haipo ulipoizoea, maneno yamepungua, vitufe vimebadilika rangi, na kazi ya dakika moja sasa inakula robo saa. Wengi wakifikia hapo hufanya moja kati ya mawili: ama huifuta programu na kuisakinisha upya, ama huamini kwamba wao ndio wamepitwa na wakati. Ukisakinisha upya utapata sura ileile mpya, tena huenda ukapoteza hata mipangilio iliyokuwa imebaki. Na kujilaumu ni kumwonea asiyehusika. Vidole vyako vilijifunza mahali pa kila kitu kwa miaka, ujuzi huo ni wako, na mtu mwingine ameupunguzia thamani bila kukuuliza. Una haki ya kukasirika.

Ila hasira haitoi faili kabla ya saa kumi. Kwa hiyo tuanze na swali moja ambalo litaamua yote yanayofuata: hicho unachokitafuta kimefichwa, kimehamishwa, kimebadilishwa sura, kimebadilishiwa kazi, au kimeondolewa kabisa? Kwa yote matano watu husema "kimepotea", lakini tiba zake hazifanani.

"Jana ilikuwa sawa, leo nusu ya vitufe haipo"

Kabla ya kumlaumu mtengenezaji, hakikisha kuna kilichobadilishwa kweli. Kwenye Word na Excel, Ctrl na F1 hukunja utepe wote wa juu wenye vitufe, yakabaki majina ya vichupo (File, Home, Insert) peke yake. Ni rahisi kuzigusa kwa bahati mbaya. Zibonyeze tena na utepe utarudi. Kwenye kivinjari, F11 huficha kila kitu isipokuwa ukurasa wenyewe, na Ctrl na sifuri hurudisha ukubwa wa kawaida wa maandishi.

Chanzo kingine ambacho watu hukisahau ni upana wa dirisha. Utepe wa Office ukikosa nafasi hukusanya kundi zima la vitufe ndani ya kitufe kimoja chenye mshale mdogo. Ukiunganisha kompyuta kwenye projekta, au ukiongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 150, yatatokea hayohayo: vitufe vipo, vimekunjwa tu. Panua dirisha lijae skrini kabla ya kutafuta mahali pengine. Office ina pia hali ya kugusa, ambayo huachanisha vitufe ili kidole kienee. Ikiwashwa kwenye kompyuta yenye kipanya, utadhani programu nzima imesanifiwa upya.

Namna ya kupima ni kuifungua programu hiyo kwenye akaunti nyingine ya kompyuta ileile. Ikiwa huko ina sura ya zamani, kasoro iko kwenye mipangilio yako. Kipimo hiki kinafaa kwa programu iliyosakinishwa kwenye mashine. Kwa huduma za mtandaoni hakitoshi, kwa sababu sura mpya hutolewa kwa mafungu: wewe umeipata leo, mwenzako wa meza ya pili ataipata baada ya wiki tatu. Ndiyo maana anaweza kukuapia kwamba kwake kitufe kipo, nawe ukamwapia kwamba hakipo, na nyote mkawa mnasema kweli.

"Menyu nzima imetoweka"

Bonyeza Alt. Kwenye kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, kwa Windows na Linux, menyu ya zamani yenye File, Edit na View bado iko, imezimwa tu isionekane. Ikijitokeza, ingia View, kisha Toolbars, uiwashe ibaki hapo moja kwa moja. Programu nyingine nyingi zimeisukumia menyu yote nyuma ya mistari mitatu au nukta tatu pembeni mwa dirisha.

Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, iliifupisha menyu ya kubofya kulia. Amri ulizozizoea ziko nyuma ya "Show more options". Njia ya mkato ni kushikilia Shift unapobofya kulia, au kuchagua faili na kubonyeza Shift na F10, na menyu kamili itafunguka mara moja.

"Vitu vipo, ila sivitambui"

Hapa vitufe havijaenda popote, sura yake ndiyo iliyobadilishwa. Mara nyingi maneno yameondolewa zikabaki aikoni, au rangi zimeondolewa ikabaki kijivu. Jicho lilikuwa likivitambua vitufe kwa rangi kabla hata ya kusoma. Rangi ikiondoka, itabidi usome kimoja kimoja.

GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, ya mwaka 2018 ni mfano mzuri: ilikuja na mandhari ya giza na aikoni za kijivu zinazofanana. Tiba iko Edit, Preferences, Interface, Icon Theme, ambako unaweza kurudisha aikoni zenye rangi. Miaka miwili baadaye toleo 2.10.18 likaweka zana kadhaa chini ya kitufe kimoja. Hilo nalo huzimwa kwenye Preferences, sehemu ya Toolbox, kwa kuondoa alama kwenye "Use tool groups". Kwenye Gmail, fungua mipangilio yote, kichupo cha General, tafuta "Button labels", chagua Text badala ya Icons, kisha shuka hadi chini kabisa uhifadhi mabadiliko. Usiposhuka kuhifadhi, hakuna kitakachobadilika. Hapohapo Gmail, aikoni ya gia hukupa uchaguzi wa kubana mistari ili barua nyingi zionekane kwa pamoja.

Ikiwa maandishi yamefifia, usifikirie kwamba macho yako ndiyo yameharibika ghafla. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, na ziko sura mpya zisizofika hapo. Kwenye Windows, Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja huwasha mandhari yenye rangi zinazoachana sana. Kwenye Mac na simu za Apple zilizopokea ile sura ya kioo ya mwaka 2025, washa "Reduce Transparency" ndani ya Accessibility na usomaji utakuwa rahisi zaidi. Na kama ule upau wa kusogeza ukurasa unajificha mpaka uuguse, Windows 11 ina "Always show scrollbars" chini ya Accessibility, Visual effects.

"Najua kinaitwaje, sijui kimewekwa wapi"

Usikitafute kwa macho. Kupekua vichupo kimoja baada ya kingine ndiko kunakochosha watu na kuwafanya waichukie programu kabla hata hawajaijua. Kiite kwa jina. Microsoft 365 ina kisanduku cha kutafutia juu ya dirisha, unakifikia kwa Alt na Q. Andika jina la amri, ibonyeze palepale. LibreOffice, programu huria za ofisi, kuanzia 7.2 hutumia Shift na Esc. Blender, ya michoro ya 3D, hutumia F3. GIMP hutumia alama ya mkwaju. Kwenye Mac, kisanduku kilicho ndani ya menyu ya Help hukuonyesha kwa mshale mahali amri ilipo, na kwa anayejifunza upya hilo ni bora kuliko kuifanya tu, maana kesho utakwenda mwenyewe.

Utepe wa Office ulipoingia mwaka 2007, menyu ambazo watu walikuwa nazo tangu miaka ya tisini ziliondoka siku moja. Lakini Microsoft iliacha kitu ambacho wengi hawakijui hadi leo. Mhasibu wa zamani wa Excel akitaka kubandika namba bila fomula hubonyeza Alt, E, S, V na Enter, mfululizo, macho yakiwa kwenye karatasi iliyo pembeni. Menyu ya Edit haipo tena, lakini ukibonyeza Alt kisha E, kijisanduku kidogo hutokea juu kikikueleza kwamba umeanza njia ya mkato ya toleo la zamani. Endelea tu na S. Dirisha la kubandika litafunguka kama zamani. Kabla ya kudhani kwamba ujuzi wako umekufa, ujaribu.

F12 nayo ni ya kuikumbuka. Wale wanaoudhika kwamba "Save As" siku hizi huwapeleka kwenye ukurasa mzima wa hifadhi za mtandaoni, F12 hufungua lile dirisha dogo la zamani moja kwa moja, kwenye folda za kompyuta yako.

"Nabonyeza kilekile, inatokea kingine"

Katika matatizo yote, hili ndilo la hatari. Kitu kilichohamishwa hukupotezea muda, lakini unajua kwamba hujakipata. Kitu kilichobadilishiwa kazi hukuharibia faili huku ukidhani umelihifadhi. Nawaona watengenezaji wakilichukulia jambo hili kana kwamba ni sawa na kubadilisha rangi, na si sawa hata kidogo.

Mchukue mhariri wa picha aliyezoea Photoshop. Zamani Ctrl na Z ilikuwa ya kwenda na kurudi: bonyeza mara moja, badiliko linaondoka, bonyeza tena, linarudi. Watu waliitumia kulinganisha. Anakodolea macho shavu alilolisafisha, anabonyeza, anabonyeza tena, anaamua lipi linapendeza. Toleo la CC 2019, lililotoka Oktoba 2018, likabadilisha: kila mbonyezo sasa unarudi hatua moja nyuma zaidi. Mkono uleule, kwa mazoea yaleyale, unafuta hatua moja, mbili, nne za kazi, na macho yako kwenye shavu, hayaoni kilichotoweka mgongoni mwa picha. Toleo hilohilo likageuza pia kazi ya Shift unapobadilisha ukubwa wa picha. Awali ulishika Shift ili uwiano usiharibike. Sasa uwiano hulindwa wenyewe, na ukishika Shift ndipo sura ya mtu inapovutika.

Adobe waliweka njia ya kurudi kwa yote mawili. Ya kwanza iko Edit, Keyboard Shortcuts, "Use Legacy Undo Shortcuts". Ya pili iko Preferences, General, "Use Legacy Free Transform". Neno "legacy", yaani ya zamani, likariri. Pamoja na "classic" na "compatibility", ndilo neno la kwanza la kuandika kwenye kisanduku cha mipangilio cha programu yoyote iliyokugeuka.

Blender 2.80 ya mwaka 2019 ilihamisha kazi ya kuchagua kutoka kitufe cha kulia cha kipanya kwenda cha kushoto. Kwenye Preferences, Keymap, unachagua upande unaoutaka, na kuna hata mpangilio mzima wa vitufe vya 2.7. Apple, walipotoa OS X Lion mwaka 2011, waligeuza mwelekeo wa kusogeza ukurasa. Unarudishwa kwa kuzima "Natural scrolling" kwenye mipangilio ya kipanya au padi ya kugusa. GIMP 2.8 ya mwaka 2012 ilifanya Ctrl na S ihifadhi faili la aina ya XCF pekee, ambayo ni aina ya GIMP yenyewe, na ukitaka JPEG au PNG lazima ufanye Export kwa Ctrl, Shift na E. Hii ya mwisho haina swichi ya kuirudisha. Sababu yao ina uzito: JPEG haihifadhi tabaka (picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), na watu walikuwa wakipoteza kazi bila kujua. Naikubali sababu hiyo, ila aliyekuwa akipunguza ukubwa wa picha mia kwa siku ameongezewa hatua kwenye kila moja.

Ukishuku kwamba kitufe kimebadilishiwa kazi, acha kufanya kazi kwenye faili halisi. Nakili faili, fungua nakala, na ujaribu njia zako za mkato ukitazama skrini, kuanzia ile ya kuhifadhi, kutendua na kufuta. Ikipatikana iliyogeuka na haina swichi ya "legacy", ingia kwenye orodha ya vitufe vya mkato uirudishe mwenyewe. Programu nyingi za picha, sauti na uandishi wa msimbo zinaruhusu.

"Nimetafuta kote, hakuna"

Basi huenda kimeondolewa kweli. Soma maelezo ya toleo jipya, yale yanayoorodhesha mabadiliko, na ujue ukweli huo mapema ili usiendelee kupekua. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start. Windows 11 ilipotoka, haikuruhusu kuuhamishia upau wa kazi pembeni wala juu ya skrini. Ulichoweza ni kurudisha aikoni upande wa kushoto kupitia Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors. Kwa jambo la aina hii hakuna mpangilio wa siri unaokusubiri, na programu za kujazia pengo zinazoandikwa na watu wengine huweza kuharibika sasisho linalofuata likiingia. Zitumie ukijua hivyo.

Upande wa programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, kuna njia nyingine. GNOME 3, mojawapo ya sura za skrini za Linux, ilipobadilisha kila kitu mwaka 2011, watumiaji waliokataa walichukua msimbo wa GNOME 2 wakaendelea nao kwa jina la MATE, na Linux Mint wakatengeneza Cinnamon. Zote mbili zipo hadi leo. LibreOffice nayo haikumlazimisha mtu: ukifungua View, User Interface, utachagua mwenyewe kati ya menyu na pau za zamani au vichupo vya kisasa.

"Nimeshajua vilipo, bado naenda polepole"

Hili si kosa la programu wala lako, na litapungua. Usijaribu kujifunza sura nzima mpya. Chukua karatasi, na kila unapokwama andika amri uliyokuwa ukiitafuta. Baada ya siku chache utaona ni zilezile zinazojirudia, nazo ni chache. Hizo ndizo za kuzileta karibu. Kwenye Office, bofya kulia kitufe chochote, chagua "Add to Quick Access Toolbar", nacho kitakaa kwenye upau mdogo. Cha kwanza hufunguka kwa Alt na 1, cha pili kwa Alt na 2. Kisha nenda Options, Customize Ribbon, Import/Export, uhifadhi mpangilio huo kama faili mahali salama. Sasisho likiuvuruga, utaurudisha.

Anapokupigia simu mtu aliyekwama

Usimwambie "bofya pale juu kulia". Kwake pale juu kulia pana kitu kingine, na kila ukisisitiza anazidi kujiona mjinga. Geuza mazungumzo, yeye ndiye akueleze.

"Mama, nisomee maneno yote ya mstari wa juu kabisa, anzia kushoto."

"File, Home, Insert... halafu chini yake hakuna kitu. Peupe."

"Peupe kabisa? Basi bofya neno Home mara mbili, harakaharaka."

"Eh! Vimerudi vyote."

Utepe ulikuwa umekunjwa. Lau ungeanza kumwelekeza kitufe cha kuchapisha, mngekaa nusu saa. Na ukishamaliza, mwambie wazi kwamba si yeye aliyeharibu. Watu wazima wengi huacha kabisa kugusa kompyuta baada ya sasisho moja la namna hii kwa hofu ya kuharibu, na hakuna ubunifu wowote wa vitufe unaofidia hasara hiyo.

Je, nirudi kwenye toleo la zamani?

Ikiwa mtengenezaji ameacha swichi rasmi, kama ile ya Outlook mpya, irudishe bila kusita, lakini ujue swichi za namna hiyo huwa na mwisho. Ukipandisha Windows yenyewe na usiipende, kwa kawaida una siku 10 za kurudi kupitia System, Recovery, "Go back".

Kung'ang'ania toleo lisilopata tena viraka vya usalama ni jambo lingine, na siliungi mkono, hata kama sura yake ilikuwa nzuri kiasi gani. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Njia ya kati ni kuchagua tawi linalobadilika taratibu. Firefox ina toleo la ESR: sura na vipengele hukaa takriban mwaka mzima bila kuguswa, huku marekebisho ya usalama yakiendelea kuingia. Thunderbird nayo ina tawi la aina hiyo, na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ina matoleo ya LTS, yanayotunzwa kwa muda mrefu, kila baada ya miaka miwili. Kwa ofisi yenye watu wengi, hilo ndilo chaguo ningelipendekeza kwanza, kwa sababu linakupa muda wa kuwaandaa watu kabla sura haijabadilika.

Kulalamika kunasaidia, ukilalamika vizuri

Kitufe cha Start kilirudi na Windows 8.1 mwaka 2013, na menyu yake ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Windows 11 ilipoondoa majina ya madirisha kwenye upau wa kazi, malalamiko yaliendelea hadi majina hayo yakarudishwa mwaka 2023. Zile aikoni za kukata na kunakili zilizokuwa bila maneno kwenye menyu ya kubofya kulia, mwaka 2024 zikawekewa maneno.

"Rudisheni ya zamani" haimpi mtengenezaji cha kushika. Andika kazi uliyokuwa ukiifanya, hatua zake kabla na hatua zake sasa, na kilichoharibika. Kwa mfano: "Nilikuwa nabadilisha jina la faili kwa mibofyo miwili, sasa ni minne, na naifanya mara nyingi kila siku." Taja namba ya toleo na ukubwa wa skrini. Kwenye Windows, kitufe cha Windows na F hufungua Feedback Hub. Programu huria huwa na ukurasa wa kuripoti kasoro, na humo tafuta kwanza kama mwingine ameshaandika, uongeze maelezo yako chini yake badala ya kufungua ripoti mpya. Ukiambatisha picha ya skrini, funika kwanza majina na barua za watu zinazoonekana nyuma.